Kutoka Mahojiano hadi Mazungumzo: Historia ya Kusema na Watu Wenye Demensia

Demensia ni jina la jumla linalotumiwa na waganga kwa hali ambayo kumbukumbu, uwezo wa kutafuta maneno, uwezo wa kupanga mambo na uwezo wa kutambua mahali na wakati hupungua kidogo kidogo hadi mtu ashindwe kujiendeshea maisha yake ya kila siku. Si ugonjwa mmoja, bali ni matokeo ya magonjwa kadhaa ya ubongo, na yaliyo mashuhuri zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer na uharibifu unaosababishwa na mishipa ya damu iliyoziba au kupasuka. Historia yake kwa kawaida huandikwa kama historia ya ubongo, yaani ya darubini, ya madoa ya protini, na ya dawa zilizotarajiwa na ambazo kwa sehemu kubwa hazijafika. Ipo hata hivyo historia nyingine iliyokwenda sambamba na hiyo, nayo ni ya namna watu wenye afya walivyosema na watu wenye demensia: waliuliza nini, walisubiri jibu kwa muda gani, na walihesabu kitu gani kuwa ni jibu. Kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini mzigo wote wa mazungumzo uliachiwa yule aliyekuwa na nguvu kidogo zaidi ya kuubeba. Kuhamishwa kwa mzigo huo kwenda kwa msemaji mwenye afya kulichukua miaka mingi, kulipitia makosa yaliyofanywa kwa nia njema, na hadi leo hakujakamilika.

Neno lenyewe lina asili ya Kilatini na maana yake ni kutoka nje ya akili. Waganga wa Ufaransa wa mwanzo wa karne ya kumi na tisa ndio waliolipa maana ya kitabibu iliyo karibu na ya leo, na aliyeisambaza kuliko wengine ni Jean-Étienne Esquirol, ambaye katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1838 alimtofautisha mtu mwenye demensia na mtu aliyezaliwa na upungufu wa akili kwa mfano wa mali: wa kwanza ni tajiri aliyefilisika, wa pili ni maskini tangu kuzaliwa. Mfano huo ulikuwa na huruma ndani yake, kwa kuwa ulikumbusha kwamba mgonjwa alikuwa na maisha kabla ya ugonjwa, lakini ulikuwa pia na kasoro iliyodumu kuliko huruma hiyo, kwani aliyefilisika hana cha kutoa, na asiyekuwa na cha kutoa hakuna sababu ya kumsikiliza. Katika majengo ya wagonjwa wa akili ya Ulaya ya karne hiyo, wazee waliosahau waliwekwa pamoja na watu wa kila namna ya maradhi, wakalishwa, wakaoshwa, na maneno yao yakaandikwa mara chache sana.

Haifai kudhani kwamba hapo kabla hakukuwa na mwongozo wowote kuhusu lugha inayostahili kutumiwa kwa mzee aliyedhoofika. Kurani, ambayo imelea adabu za pwani ya Afrika Mashariki kwa karne nyingi, inautaja umri ule ambao mtu hurudishwa katika kutojua baada ya kujua, na katika Sura ya Al-Israa, aya ya 23, inamkataza mtoto kuwatolea wazazi wake waliozeeka hata sauti ndogo ya kuchoshwa nao. Amri hiyo inahusu namna ya kusema na haigusi tiba, nayo inaelekezwa kwa mwenye nguvu. Utabibu wa kisasa ulihitaji karibu karne nzima kufika mahali panapofanana na hapo, na ulifika kwa njia yake wenyewe.

Mahali pa kuanzia katika utabibu huo ni Frankfurt nchini Ujerumani, katika hospitali ya wagonjwa wa akili na wa kifafa iliyoongozwa na Emil Sioli, ambako tarehe 25 Novemba 1901 alilazwa mwanamke wa miaka 51 aliyeitwa Auguste Deter, mke wa karani wa reli. Kuanzia siku iliyofuata daktari kijana wa hospitali hiyo, Alois Alzheimer, alimhoji mara nyingi na kuandika kwa makini maswali yake pamoja na majibu ya mgonjwa. Jalada hilo lilipotea kwa miongo mingi hadi lilipopatikana mwaka 1995 katika kumbukumbu za Frankfurt, na sehemu zake zilipochapishwa miaka miwili baadaye wasomaji waliweza kwa mara ya kwanza kuona zaidi ya ubongo wa mwanamke huyo. Alipoulizwa jina lake alijibu Auguste. Alipoulizwa jina la ukoo alijibu tena Auguste. Na alipoulizwa jina la mumewe alisita, kisha akajibu kwamba anadhani ni Auguste. Alionyeshwa kalamu, ufunguo na vitu vingine akavitaja sawasawa, lakini baada ya muda mfupi hakukumbuka ameonyeshwa nini. Wakati akila nyama ya nguruwe na koliflawa, alisema anakula mchicha. Alipotakiwa kuandika jina lake aliandika neno la Kijerumani lenye maana ya Bibi, kisha akasahau lililobaki.

Mahojiano hayo yanastahili kusomwa kwa namna mbili. Kwa upande mmoja ni mfano bora wa uangalifu, kwa kuwa madaktari wengi wa wakati huo wasingeketi siku baada ya siku na mgonjwa wa aina hiyo, na hospitali ya Sioli ilijulikana kwa kupunguza kamba na minyororo na badala yake kutumia maji ya uvuguvugu yaliyomtuliza mgonjwa kwa saa nyingi. Kwa upande mwingine kila swali lilikuwa mtihani, lenye jibu moja ambalo muulizaji alilijua tayari, na thamani ya jibu la mgonjwa ilikuwa katika ukubwa wa kosa lake. Katikati ya majibu hayo yaliyokosewa, Auguste Deter alisema pia kwamba amejipoteza mwenyewe. Kauli hiyo haikuwa kosa, kwa maana hapakuwa na mtu mwingine chumbani humo aliyeweza kueleza hali yake vizuri zaidi, lakini utaratibu wa mahojiano haukuwa na mahali pa kuiweka isipokuwa miongoni mwa dalili. Alifariki tarehe 8 Aprili 1906 kwa sumu iliyoingia katika damu kutokana na vidonda vya kulalia, maradhi ambayo yanasimulia mengi kuhusu miaka yake ya mwisho. Ubongo wake ulipelekwa Munich, alikokuwa amehamia Alzheimer, na mnamo Novemba mwaka huohuo matokeo ya uchunguzi yalitolewa mbele ya mkutano wa madaktari mjini Tübingen. Hakuna aliyeuliza swali.

Mwaka 1910 Emil Kraepelin, mkuu wa Alzheimer huko Munich, aliutia ugonjwa huo katika toleo jipya la kitabu chake cha kufundishia na kuupa jina la mwenzake, lakini akaufunga kwa watu waliougua kabla ya uzee. Wazee wenye dalili zilezile waliendelea kuhesabiwa kuwa wamezeeka tu, na kwa kuwa uzee si ugonjwa, hawakuwa na haki ya daktari wala ya mtafiti. Sauti iliyopinga ilikuwa ya David Rothschild, daktari wa hospitali ya Foxborough katika jimbo la Massachusetts, ambaye katika miaka ya 1930 aligundua kwamba kiasi cha uharibifu alichokiona katika bongo za marehemu hakikulingana kila mara na kiasi cha kuchanganyikiwa walichokuwa nacho wakati wa uhai. Wapo waliokuwa na ubongo ulioharibika sana na waliishi vizuri, na wapo waliokuwa na uharibifu mdogo na waliporomoka kabisa. Rothschild alihitimisha kwamba namna mtu anavyostahimili ugonjwa, pamoja na mazingira na historia yake, ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Hoja hiyo ilisomwa, ikasifiwa na wachache, kisha ikawekwa kando.

Jaribio la kwanza la kupanga mazungumzo kama sehemu ya huduma lilitokea mahali ambapo pengine halikutazamiwa, yaani katika hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani. Daktari James Folsom alianza mwaka 1958 mjini Topeka, Kansas, kisha akaendeleza kazi hiyo mjini Tuscaloosa, Alabama, ambako yeye na muuguzi Lucille Taulbee walichapisha mwaka 1966 maelezo ya njia waliyoiita kwa Kiingereza jina lenye maana ya kumwelekeza mtu kwenye uhalisia. Msingi wake ulikuwa rahisi. Kila anayekutana na mgonjwa, kuanzia daktari hadi mfagizi, amtajie jina lake, mahali alipo, siku na tarehe. Ubaoni paandikwe hali ya hewa na mlo unaofuata. Na walioweza wakusanywe darasani kila siku kujifunza mambo hayo upya. Jambo lililosahauliwa na wakosoaji wa baadaye ni kwamba kazi hiyo walikabidhiwa wauguzi wasaidizi, watu wa mishahara midogo ambao hadi wakati huo walitarajiwa kubadilisha mashuka kimyakimya. Kwa mara ya kwanza kusema na mzee aliyesahau kulihesabiwa kuwa ni kazi, si kupoteza wakati wa kazi.

Hata hivyo swali la Frankfurt lilikuwa limebaki palepale, na tofauti ilikuwa kwamba sasa liliambatana na sahihisho. Mzee aliyesema ni Jumanne alielezwa kwamba ni Alhamisi. Mama aliyetaka kwenda nyumbani kumpikia mumewe alielezwa kwamba mumewe alifariki zamani. Kwa aliyesahau msiba, kukumbushwa ni kufiwa upya, na kwa kuwa atasahau tena, atafiwa tena kesho. Wauguzi wengi waliotumia njia hiyo kwa utii waliona machozi hayo bila kuwa na maelezo mengine ya kufuata. Wakati huohuo upimaji wa akili ulipata chombo chake maarufu zaidi, mtihani mfupi wenye alama 30 uliotungwa na Marshal Folstein na wenzake mwaka 1975, unaomtaka mgonjwa ataje tarehe, ahesabu kurudi nyuma kutoka 100 kwa kutoa saba kila mara, aandike sentensi na anakili mchoro. Chombo hicho kilikusudiwa kutumika kitandani kwa dakika chache, lakini kwa wagonjwa wengi dakika hizo ndizo zilizokuwa mazungumzo yao pekee na daktari.

Aliyeachana na sahihisho waziwazi alikuwa Naomi Feil, mzaliwa wa Munich mwaka 1932, ambaye familia yake iliukimbia utawala wa Wanazi na kuhamia Cleveland, Ohio. Baba yake alikuwa msimamizi wa makao ya wazee yaliyoitwa Montefiore na mama yake alifanya kazi ya ustawi wa jamii hapohapo, kwa hiyo binti huyo alikua akicheza, akila na kugombana na wazee kabla hajasoma lolote juu yao. Aliporudi Cleveland mwaka 1963 akiwa amesomea ustawi wa jamii, alijaribu kwanza kuwaelekeza wazee kwenye uhalisia kama ilivyokuwa desturi, akaona kwamba walijifunga zaidi kadiri alivyowasahihisha, na katika miaka iliyofuata hadi 1980 akatengeneza njia yake, ambayo kwa Kiswahili inaweza kuitwa kuthibitisha hisia. Kuthibitisha hapa hakuna maana ya kukubali kwamba jambo ni kweli, bali kukubali kwamba hisia iliyo nyuma ya neno ni ya kweli na ina sababu. Mzee anayemtafuta mama yake aliyekwisha kufa haelezwi kwamba mama yupo njiani, kwa sababu huo ni uongo, wala haelezwi kwamba mama amekufa. Anaulizwa mama yake alikuwa mtu wa namna gani, alipika nini, alimwita kwa jina gani.

Feil aliyapa maneno ya kuulizia uzito ambao wachache walikuwa wamewahi kuyapa. Alielekeza kwamba nani, nini, wapi, lini na vipi yanaruhusiwa, lakini kwa nini liepukwe, kwa kuwa linadai mantiki na sababu, vitu ambavyo ugonjwa umevichukua mapema, na humfanya aulizwaye ajione mshtakiwa. Alifundisha pia mlezi kurudia maneno muhimu ya mzee kwa sauti na mwendo uleule, kumtazama machoni akiwa ameshuka hadi usawa wake, na kwa waliokwisha kuacha kusema, kuwagusa shavu au bega na kuimba nyimbo walizozijua tangu utoto. Filamu zake zilizoonyesha wazee waliodhaniwa kuwa wamezima kabisa wakifungua macho na kupigapiga mikono kwa mdundo zilizunguka duniani na zikawashawishi walezi wengi kuliko makala yoyote. Watafiti hawakushawishika kwa urahisi huo. Majaribio yaliyofanywa yalikuwa machache na madogo, na wapitiaji wa ushahidi walisema mwanzoni mwa karne hii kwamba hayatoshi kuthibitisha wala kukanusha manufaa yake. Ukosoaji huo ni wa haki, na bado haufuti ukweli kwamba Feil ndiye aliyelifanya jibu lisilo sahihi lihesabiwe kuwa jibu.

Katika miaka hiyohiyo utafiti wa ubongo ulirudi kwa kishindo. Mwaka 1968 Garry Blessed, Bernard Tomlinson na Martin Roth wa Newcastle nchini Uingereza walionyesha kwamba wingi wa madoa katika ubongo wa wazee ulilingana na ukali wa demensia yao, na mwaka 1976 Robert Katzman wa New York akaandika kwamba ugonjwa wa Alzheimer na ule ulioitwa udhaifu wa uzee ni kitu kimoja, na kwamba ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo. Hatua hiyo iliwapa mamilioni ya wazee hadhi ya wagonjwa, ikaleta fedha za utafiti, na ikazaa vyama vya familia, ambavyo mwaka 1984 viliunda shirikisho la kimataifa. Gharama yake ilikuwa kwamba fikra ya Rothschild ilizikwa mara ya pili. Kila tabia ya mgonjwa, iwe ni kupiga kelele, kutangatanga au kukataa kuoshwa, sasa ilielezwa kwa ubongo peke yake, na kama ubongo ndio unaosema, hakuna haja ya kujiuliza mlezi alisema nini dakika moja kabla.

Swali hilo lililoachwa ndilo lililochukuliwa na Tom Kitwood wa Chuo Kikuu cha Bradford. Kitwood, aliyezaliwa mwaka 1937, alikuwa amesomea sayansi, akawa kasisi wa Kianglikana na mwalimu wa kemia, akaiacha imani, kisha akaingia katika saikolojia. Alikuja kwenye demensia akiwa mtu mzima asiye na madeni kwa waganga wa ubongo. Aliketi katika sebule za makao ya wazee akiwa na karatasi na kuandika kila baada ya dakika tano kinachomtokea mzee fulani, na kutokana na kazi hiyo yeye na Kathleen Bredin walitengeneza utaratibu wa uchunguzi unaotumika hadi leo katika nchi nyingi. Alichokiona mara nyingi hakikuwa ukatili. Kilikuwa mambo madogo yanayofanywa na watu wema: kumdanganya mzee ili apande gari, kusema juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo, kumlisha anayeweza kujilisha, kumpa maelezo matatu kwa pumzi moja.

Katika makala ya mwaka 1990 Kitwood aliyaorodhesha mambo kumi ya aina hiyo, na katika kitabu chake cha 1997 yakafika kumi na saba, akiyaita kwa pamoja saikolojia ya kijamii yenye kudhuru, ambapo neno alilolitumia kwa kudhuru ni lile ambalo waganga hulitumia kwa saratani. Miongoni mwa mambo hayo, lililo muhimu zaidi kwa historia hii ni kumwacha mtu nyuma kwa kasi, yaani kusema, kuuliza na kutenda kwa mwendo ambao mwenye demensia hawezi kuufuata, kisha kuchukua ukimya wake kuwa ni uthibitisho kwamba haelewi. Jingine ni kumfanya mtu mtoto, na hapa msomaji wa Kiswahili hawezi kuepuka kukumbuka usemi uliozoeleka kwamba mzee fulani amerudi utotoni, usemi unaotolewa kwa upole na hata kwa mapenzi, lakini unaompa msikilizaji ruhusa ya kumsemesha mtu wa miaka 80 kama anayefundishwa kutembea.

Nguzo ya hoja ya Kitwood ni dhana ya utu, aliyoieleza kuwa ni hadhi ambayo mtu hupewa na wengine katika uhusiano nao, na ambayo ina maana ya kutambuliwa, kuheshimiwa na kuaminiwa. Kwa Kiingereza dhana hiyo ilihitaji kutetewa kwa kurasa nyingi, kwa sababu falsafa iliyotawala huko iliuhusisha utu na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, hivi kwamba aliyepoteza viwili hivyo alionekana kuwa amepoteza cha tatu. Kwa Kiswahili neno utu lenyewe tayari linahusu namna ya kuwatendea wengine, na methali fupi isemayo kwamba mtu ni watu imetangulia hoja hiyo. Si busara kujipongeza sana kwa hilo. Lugha yaweza kuwa na neno zuri na wasemaji wake wakamfungia mzee chumba cha nyuma wageni wanapokuja. Kitwood alifariki mwaka 1998, mwaka mmoja tu baada ya kitabu chake kutoka, na huduma inayomtanguliza mtu ikawa baadaye lugha rasmi ya sera za afya za Uingereza, wakati mwingine kwa gharama ya kuwa maneno matupu katika vijitabu vya matangazo.

Wengine nao walipima kwa undani yale aliyoyaona. Huko Marekani Steven Sabat aliketi na watu wachache kwa miezi mingi, akarekodi mazungumzo na kugundua kwamba wengi walifika kwenye neno walilolitafuta iwapo msikilizaji alivumilia ukimya, kuuliza kama ameelewa sawasawa, na kutorukia kumalizia sentensi. Linnda Caporael alikuwa ameonyesha tangu mwaka 1981 kwamba wahudumu wa makao ya wazee huwasemesha wakazi kwa sauti ya juu yenye kubembeleza, ileile itumikayo kwa watoto wachanga; na mwaka 2009 Kristine Williams na wenzake wa Kansas, wakitumia video za wauguzi wakiosha na kuvisha wazee, walikuta kwamba sauti hiyo ilifuatwa na ukaidi mara nyingi zaidi kuliko usemi wa kawaida wa mtu mzima kwa mtu mzima. Ukaidi uliokuwa ukiandikwa katika jalada kama dalili ya ugonjwa ulikuwa, kwa kiasi fulani, jibu kwa mlezi.

Nchini Uswidi swali lilikuwa la lugha yenyewe. Sirkka-Liisa Ekman aliwachunguza katika miaka ya 1990 wahamiaji wazee kutoka Ufini ambao, baada ya maisha marefu ya kusema Kiswidi kazini na madukani, walikuwa wakikipoteza kutokana na demensia na kubaki na Kifini, na akaona kwamba mbele ya mlezi aliyejua lugha zote mbili walionyesha uwezo ambao mbele ya mlezi wa Kiswidi pekee haukuonekana kabisa. Lugha iliyojifunzwa baadaye hutangulia kuondoka. Jambo hilo lina uzito wa pekee Afrika Mashariki, ambako wazee wengi walijifunza Kiswahili shuleni, jeshini au sokoni baada ya lugha ya nyumbani, na ambako muuguzi aliyepangiwa kituo mbali na kwao huenda asijue kwamba mzee anayemwona bubu angalisema kwa Kichagga au Kimeru. Pamoja na hilo, watafiti wa lugha wameonyesha kwamba misemo iliyokaririwa, kama salamu, sala na viitikio, hudumu kuliko sentensi zinazotungwa papo hapo. Haishangazi basi kwamba aliyesahau majina ya wanawe aweza kuitikia marahaba bila kusita, na mlezi anayeanza na shikamoo anaanza pale ambapo mzee bado ana nguvu.

Hatua iliyofuata haikutoka kwa watafiti. Christine Bryden, mtumishi wa ngazi ya juu wa serikali ya Australia aliyeelezwa mwaka 1995 kwamba ana demensia akiwa na miaka 46, alichapisha kitabu kuhusu hali yake mwaka 1998, na mwaka 2003 akawa mtu wa kwanza mwenye demensia kuchaguliwa katika bodi ya shirikisho la kimataifa la vyama vya Alzheimer. Huko Uskoti James McKillop na wenzake waliunda mwaka 2002 kikundi kazi ambacho wanachama wake wote walikuwa na demensia, kikapeleka madai yake moja kwa moja kwa serikali. Wapo waliotilia shaka ugonjwa wao kwa sababu tu walisema vizuri, na shaka hiyo inaonyesha jinsi fikra ya tajiri aliyefilisika ilivyokuwa imekita mizizi. Nchini Japani serikali ilikwenda hadi kwenye jina: mwezi Desemba 2004 neno rasmi chihō, ambalo ndani yake lilibeba maana ya upumbavu, lilifutwa na mahali pake pakawekwa ninchishō, yaani maradhi ya utambuzi, na mwaka uliofuata yakaanza mafunzo mafupi kwa raia wa kawaida, wakiwemo makarani wa benki na watoto wa shule, ya namna ya kumsaidia mtu aliyechanganyikiwa. Kiswahili hakijafanya mjadala kama huo. Hutumika ugonjwa wa kusahau, kuchanganyikiwa, akili za uzeeni au demensia, na kila jina lina mzigo wake.

Katika Tanzania historia hii inagusa wilaya ya Hai, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, ambako watafiti wa Tanzania na Uingereza walipita nyumba kwa nyumba kuanzia mwaka 2009 kuwachunguza wazee wa miaka 70 na zaidi, wakakuta kwamba kiasi cha asilimia 6.4 walikuwa na demensia, kiwango kinachokaribiana na cha nchi tajiri. Jamii iliyochunguzwa iliihesabu hali hiyo kuwa ni sehemu ya uzee, kama Kraepelin alivyofanya karne moja kabla. Tatizo la mara moja lilikuwa la maswali. Mtihani wa alama 30 humshinda mzee ambaye hakuwahi kukaa darasani, hata kama akili yake ni kali kuliko ya anayempima, kwa sababu hajawahi kushika kalamu wala hana haja ya kujua tarehe ya leo. Ndipo ilipotungwa njia nyingine ya kupimia isiyodai kusoma wala kuandika, ambayo humtaka mzee aeleze daraja ni kitu gani, ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, na apange njiti za kiberiti kwa umbo aliloonyeshwa. Mtihani ulibaki kuwa mtihani, kwa kuwa utambuzi wa ugonjwa hauwezi kufanyika bila kupima, lakini uliulizwa kutoka katika maisha ya anayeulizwa.

Huko Hai pia ililetwa njia ya kuchangamsha akili iliyotengenezwa Uingereza na Aimee Spector pamoja na wenzake, na kujaribiwa hukohuko Uingereza kwa watu 201 katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003. Nasaba yake inashangaza kidogo, kwani ilizaliwa kutokana na kupitia upya majaribio ya zamani ya kumwelekeza mtu kwenye uhalisia, yakachujwa ili kubakiza kilichosaidia na kutupa sahihisho. Vikao ni 14, viwili kila wiki kwa wiki saba, na kanuni yake mojawapo ni kuuliza maoni badala ya ukweli: mzee anayeonyeshwa picha mbili haulizwi ni za nani au za mwaka gani, bali anaulizwa ipi anaipenda na ni kipi kilichobadilika tangu ujana wake, maswali ambayo hayana jibu la kukosewa. Kwa ajili ya Kilimanjaro mwongozo ulilazimika kuandikwa upya, kwa kuwa washiriki wengi hawakusoma, baadhi hawakuona au kusikia vizuri, na vifaa vilipaswa kuwa vile vipatikanavyo kijijini. Washiriki 34 waliopitia vikao hivyo, katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2017, walionyesha nafuu katika kumbukumbu na fikra, na wasiwasi wao ulipungua. Kwa mujibu wa mwongozo, kikundi hujichagulia jina na wimbo wake, na kila kikao hufunguliwa kwa kumkaribisha mmoja mmoja kwa jina lake, ambalo kiongozi wa kikao hulitaja yeye mwenyewe.